Saa ya Mwalimu na Mifupa ya Chipukizi

Wako walimu wa michezo ambao kila jioni humpima chipukizi kwa saa, wakidhani kuwa asiyetweta hajafanya mazoezi. Desturi hiyo yafaa iachwe. Katika mbio za meta 5,000, sehemu kubwa ya nguvu hupatikana kwa oksijeni. Na uwezo wa kuifikisha misulini hujengwa zaidi kwa mwendo wa polepole, ule ambao mkimbiaji aweza kuzungumza na mwenzake. Kwa miezi mingi ya mwendo huo, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli. Peter Snell wa New Zealand, mshindi wa meta 800 huko Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964, alifunzwa na Arthur Lydiard kukimbia hata kilometa 160 kwa juma. Hicho, bila shaka, ni kipimo cha mtu mzima. Mifupa ya kijana wa miaka 14 ingali na gegedu laini kwenye ncha zake, nayo huumia upesi kwa kasi inayorudiwa kila siku. Mazoezi ya kasi apewe mara moja au mbili tu kwa juma, na akilalamika goti au kisigino, asiitwe mvivu.