Amani Haikabidhiwi Kama Msaada

Kila mwaka magazeti ya nchi hii huchapa picha za namna moja. Wanachama wa klabu ya huduma, wamevaa fulana zenye nembo, wanamkabidhi mwalimu mkuu madawati, au mganga mkuu vitanda, au mwenyekiti wa kijiji pampu ya maji. Mpokeaji anatabasamu, mtoaji anatabasamu, na mgeni rasmi anahimiza kwamba vifaa hivyo vitunzwe. Si haki kuzibeza picha hizo. Dawati ni dawati, na mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni anaijua thamani yake kuliko msemaji yeyote jukwaani. Hata hivyo kuna swali ambalo picha hizo hazilijibu. Klabu kubwa za huduma, Rotary na Lions zikiwa mbele, huitaja amani kuwa miongoni mwa madhumuni yake makuu. Je, wanachama wake wanaijenga amani hiyo kwa vitendo gani, na wapi?

Ili kulijibu swali hilo kwa haki, hapana budi kutazama zilikotoka. Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari, 1905, na mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu. Lions nayo ilizaliwa katika mji huo huo mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, aliyekuwa akifanya biashara ya bima. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Huo ulikuwa wakati wa ukoloni, ambapo shule, hospitali na mitaa ya makazi ilitengwa kwa rangi za watu. Si ajabu basi kwamba wananchi wengi waliziona klabu hizi kuwa baraza za wenye nafasi, wanaokula chakula cha mchana hotelini kisha kuwakumbuka maskini kwa masalio. Hali kadhalika, wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa Rotary kwa miaka zaidi ya themanini. Mlango ulianza kufunguka baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Mei, 1987, na katiba ya chama hicho ikarekebishwa mwaka 1989.

Mambo hayo hayatajwi kwa nia ya kufukua makaburi. Yanatajwa kwa sababu yana fundisho. Chombo kinachotaka kupatanisha watu lazima kwanza kiwe na watu wa kila namna ndani yake. Klabu ambayo wanachama wake wote wanatoka mtaa mmoja, wanasomesha watoto katika shule za aina moja, na hawamfahamu mkulima wala mfugaji kwa jina, haiwezi kuwa mpatanishi wa mkulima na mfugaji. Hatua ya kwanza ya mwanachama anayeitakia nchi amani ni kumleta mezani muuguzi, fundi, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa ushirika.

Hata hivyo ni kweli pia kwamba klabu hizi zina historia ya kazi ya amani inayostahili heshima. Mwaka 1945, mataifa yalipokutana San Francisco kuandika Katiba ya Umoja wa Mataifa, Rotary ilikuwa miongoni mwa jumuiya 42 zilizoalikwa na Marekani kutoa washauri. Mwaka 1985 ilianzisha kampeni ya kuutokomeza ugonjwa wa kupooza, yaani polio, na mwaka 1988 mataifa yote kupitia Shirika la Afya Duniani yaliikubali kazi hiyo kuwa yao. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa katika nchi zaidi ya 120. Tarehe 25 Agosti, 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika hilo ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Virusi hivyo viliporudi kutoka nje na kuonekana Malawi na Msumbiji mwaka 2022, Tanzania nayo iliingia katika kampeni ya kuwachanja watoto, kwa kuwa ugonjwa haujui mpaka wala hauombi pasi.

Katika kampeni hiyo lipo jambo moja ambalo kila mtu anayejishughulisha na amani anapaswa kulitafakari. Mwaka 1999, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwa katikati ya vita, pande zilizokuwa zikipigana zilikubali kusimamisha mapigano kwa siku za chanjo ili watoto wafikiwe. Watu ambao hawakuweza kukubaliana juu ya serikali, mipaka wala madini, walikubaliana juu ya tone la dawa katika kinywa cha mtoto. Makubaliano hayo hayakumaliza vita. Lakini yalithibitisha kwamba huduma, ikitolewa kwa wote bila upendeleo, inaweza kufungua mlango ambao hotuba zimeshindwa kuufungua.

Mtaalamu wa Norway, Johan Galtung, alifundisha tangu miaka ya 1960 kwamba kuna amani za aina mbili. Ya kwanza ni kutokuwapo kwa mapigano tu. Ya pili ni kuwapo kwa haki na mahusiano mema yanayofanya mapigano yasiwe na sababu. Mwaka 2017 Rotary iliingia katika ushirikiano na Taasisi ya Uchumi na Amani, ambayo imeichambua amani hiyo ya pili katika nguzo nane: serikali inayofanya kazi vizuri, mgawanyo wa haki wa rasilimali, habari zinazopatikana kwa uhuru, ujirani mwema, elimu na afya ya watu, kuheshimu haki za wengine, rushwa kuwa ndogo, na mazingira mazuri ya biashara. Mtumishi wa serikali anayeisoma orodha hiyo atatambua mara moja kwamba nguzo hizo zinapita mezani kwake kila siku ya kazi. Amani haianzi kwenye mkutano wa kimataifa. Inaanza kwenye jalada la mgogoro wa mpaka ambalo limelala ofisini miaka mitatu.

Nchi hii inayo mifano yake ya uchungu. Tarehe 8 Desemba, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Ni makosa kusema kwamba watu hao walikufa kwa sababu makabila hayapatani. Ni makosa pia kusema kwamba ardhi ilikuwa ndogo, basi yakaisha. Watafiti walioufuatilia mgogoro wa Kilosa wameeleza jinsi sera zilizowapa wafugaji nafasi finyu, pamoja na rushwa na maamuzi yasiyoaminika, vilivyowafanya watu wakate tamaa na vyombo vya sheria. Mtu anapoamini kwamba haki inanunuliwa, hushika silaha yake. Kabla ya damu kumwagika kulikuwa na miaka ya malalamiko, na hiyo ndiyo miaka ambayo mpatanishi anahitajika.

Hapa ndipo wanachama wa klabu za huduma wanapopaswa kujiuliza juu ya kazi wanayoipenda kuliko zote, yaani kuchimba visima. Kisima ni neema. Lakini kisima kilichochimbwa bila kuuliza nani anayatumia maji ya eneo hilo, na katika msimu gani, kinaweza kuwa cheche. Wakulima watasema ni chao kwa kuwa kiko shambani kwao. Wafugaji watasema ng'ombe wao walinywa hapo tangu enzi za babu zao. Mfadhili atakuwa ameondoka siku nyingi, na jiwe la ufunguzi lenye jina la klabu litabaki likishuhudia ugomvi. Klabu inayotaka amani itaanza kwa kukaa na halmashauri ya kijiji na pande zote mbili kabla ya kumleta mchimbaji. Itahakikisha kwamba bomba la matumizi ya nyumbani na birika la mifugo viko mbalimbali, na kwamba kamati ya maji ina wajumbe wa pande zote, wanawake wakiwemo, kwa kuwa wao ndio wachotao. Fedha ni ile ile. Kinachoongezeka ni subira.

Vyombo vya upatanishi navyo vipo kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaelekeza kuwapo kwa Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Klabu yenye mwanasheria, mpima ardhi na mhasibu miongoni mwa wanachama wake ina hazina ambayo kijiji hakiwezi kuinunua. Mwanasheria atumie siku chache kuwaeleza wajumbe wa baraza mipaka ya mamlaka yao. Mpima asaidie katika mpango wa matumizi ya ardhi, ili njia za mifugo zijulikane na mawe ya mpaka yaonekane. Mhasibu afundishe kamati kuandika daftari la mapato ambalo mwanakijiji yeyote anaweza kulisoma. Huduma ya namna hiyo haipigwi picha kwa urahisi, lakini inazuia mengi.

Kuna kikwazo kimoja kilicho ndani ya klabu zenyewe. Katika Rotary mwaka wa kazi huanza tarehe 1 Julai, na kwa kawaida rais wa klabu hubadilika kila mwaka. Utaratibu huo ni mzuri kwa kugawana uongozi, lakini una hatari yake. Kila rais hutamani kuanza na kumaliza mradi wake kabla ya Juni kwisha. Amani haifuati kalenda hiyo. Mazungumzo ya Burundi yalianza Arusha mwaka 1998 chini ya Mwalimu Julius Nyerere, yakaendelezwa na Nelson Mandela baada ya Mwalimu kufariki dunia tarehe 14 Oktoba, 1999, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti, 2000. Hata baada ya hapo kazi ilibaki nyingi. Kama viongozi wa kadiri hiyo walihitaji miaka, klabu ya wilaya haiwezi kupatanisha vijiji viwili kwa miezi mitatu. Inafaa kila klabu ichague eneo moja na kujifunga nalo kwa miaka mitano, rais aingie na rais atoke.

Walimu wanayo sehemu yao, nayo si ndogo. Klabu za Interact kwa ajili ya vijana wa shule zilianzishwa mwaka 1962, na za Rotaract kwa vijana wakubwa mwaka 1968. Lions nayo tangu mwaka 1988 imeendesha mashindano ya watoto ya kuchora picha za amani. Mwalimu mlezi wa klabu ya shule anaweza kuiacha iwe kikundi cha kukusanya nguo kuukuu, au anaweza kuifanya chuo cha uraia. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wanaokaa dawati moja wapewe kazi moja: wachore ramani ya kijiji chao, waulize wazee mto ulipita wapi zamani, wajadiliane mbele ya wenzao, kila mmoja akiutetea upande usio wake. Kijana aliyezoea kumsikiliza anayetofautiana naye hachochewi kwa urahisi na uvumi, na siku hizi uvumi husafiri kwa simu upesi kuliko gari la polisi.

Watumishi wa serikali walio wanachama wana wajibu wa pekee. Uanachama usigeuzwe kuwa njia ya uchochoroni ya kutafutia zabuni, viwanja au vyeo. Mwanachama mmoja wa Rotary, Herbert Taylor, alitunga mwaka 1932 maswali manne ya kujipimia, yanayohusu ukweli, haki kwa wote, kujenga urafiki, na manufaa kwa wote. Maswali hayo husomwa kwenye mikutano kwa sauti ya pamoja. Yangefaa yasomwe pia kimya kimya ofisini, kabla ya afisa kutia saini hati ya kiwanja kinachogombewa. Na ingawa klabu hizi zina desturi ya kutojiingiza katika siasa za vyama, desturi hiyo isiwe kichaka cha kujifichia pale mnyonge anapoonewa. Kutopendelea chama ni jambo moja. Kuifumbia macho dhuluma ni jambo jingine kabisa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa linalotegemea misaada huhatarisha uhuru wake. Onyo hilo linaihusu amani pia. Hakuna klabu, ya ndani au ya nje, itakayowaletea wananchi amani kama mzigo unaoshushwa kutoka kwenye lori. Wajibu wa kuilinda ni wa wananchi wenyewe na wa serikali yao, na klabu haziwezi kuwa badala ya mahakama, polisi wala halmashauri. Zinaloweza kufanya ni kuwa msaidizi mwaminifu. Kwa mfano, Kituo cha Amani cha Rotary katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2021. Wahitimu wa kituo hicho waalikwe wilayani, wakae na watendaji wa kata na wazee wa mila, wafundishe na wajifunze. Elimu ya amani inayoishia kwenye cheti ukutani ni hasara.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zinajulikana, na maofisa na walimu wa vijijini wanaweza kuzitaja kwa majina ya vitongoji. Wito kwa wanachama wa klabu za huduma ni kwamba, mkutano ujao wa wiki utakapokwisha, wasiulize tu ni shule gani inayohitaji madawati. Waulize ni vijiji gani viwili ambavyo havisemezani, kisha wafunge safari kwenda huko, wakasikilize kwanza. Picha inaweza kupigwa baadaye, siku ambayo wanavijiji wa pande zote mbili watakubali kusimama pamoja ndani yake.