Mnaogopa Muvi, Hamuogopi 2027?

Wasee wa Kakamega, leo nimekasirika kidogo, mnivumilie.

Juzi niliwawekea watu wa nyumbani Togetherness Supreme. Ni muvi ya 2010, imeongozwa na Nathan Collett na kushutiwa Kibera, na watu wanabonga Kiswahili na Sheng kama mimi na wewe. Kamau ni msanii, Mkikuyu. Otieno, Mjaluo, ni beste yake. Wote wawili wanampenda Alice, binti ya mhubiri. Hiyo peke yake ni shida tosha. Halafu uchaguzi wa 2007 unafika na mtaa unawaka.

Tulifika katikati, mjomba akazima. "Hizi vitu zinatonesha kidonda. Wachana nazo."

Kidonda gani, mjomba? 2007 nilikuwa na miaka 4. Nikimuuliza mama vile Januari 2008 ilikuwa, ananiambia barabara zilifungwa na sukari ikapanda bei. Basi. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kwa hii Kenya, na mimi nimerithi stori ya sukari.

Lakini siku nilimtajia mama jina la dem wangu, jina la pili lilitosha. Alinyamaza, akakoroga chai, kisha akasema, "Hao watu si wa kuoa, mwanangu." Kumbe anakumbuka! Amenificha kisa, akanipa uoga wake bila maelezo.

Hapo ndipo nakataa. Mnasema tunyamaze ndio tuwe na amani. Kimya hakijamaliza ukabila, kimetunyima tu sisi wadogo sababu ya kuuogopa. Mwanasiasa akisimama Bukhungu 2027 aanze mambo ya "sisi" na "wao", atatupata hatujui hiyo njia ilitupeleka wapi mara ya mwisho.

Na msiniambie tusome ripoti. Ripoti ya Tume ya Waki ilitoka 2008, ni muhimu, lakini wewe ushaona nani akilia juu ya ripoti? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo sina digrii ya filamu. Najua tu kwamba ukishampenda Kamau na umpende Otieno, ni ngumu kushangilia nyumba ya mmoja wao ikichomwa. Something Necessary ya Judy Kibinge, 2013, inafanya hivyo hivyo: Anne, nesi aliyepoteza mume, na Joseph, kijana aliyekuwa kwa genge. Unalazimika kuwatazama wote wawili.

Kama ulipoteza mtu, sikulazimishi kutazama. Pole sana, na una haki ya kuzima. Lakini mjomba hakupoteza mtu. Alizima kwa sababu maswali yangu yalikuwa yanakuja.

Na sisi vijana tusijifanye wasafi. Tunatazama Hotel Rwanda tukisema, "Aki wale watu!" Wale watu nusura wawe sisi.

Kwa hivyo wikendi hii tafuta moja ya hizo muvi. Tazama na mzazi wako. Ikiisha, usihubiri. Uliza swali moja tu: "Januari 2008, wewe ulikuwa wapi, na ulifanya nini?"

Akianza na bei ya sukari, mngoje amalize. Kisha uliza tena.