MATEMBEZI YA MWISHO WA JUMA: Kilima cha Chokaa na Maji ya Moto ya Bugarama

Askari au polisi anayehamishiwa Ruhwa pamoja na jamaa yake, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, hupokewa kwanza na joto. Hapa ndipo nchi hii ishukapo chini kuliko popote: kando ya mto Rusizi kimo ni mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Karisimbi, huko kaskazini, hufikia mita 4,507. Aliyezoea ukungu wa milimani hufungua kifungo cha shati, hutazama mashamba ya mpunga yaliyotanda bondeni, na aghalabu huanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya likizo.

Hata hivyo, katika bonde hilo la Bugarama kuna jambo lisiloonekana kwingi katika nchi ya milima elfu: mawe ya chokaa, na karibu yake chemchemi za maji ya moto ambazo ndizo zilizoyajenga. Familia iliyo na Jumapili moja isiyo ya zamu, viatu imara na chupa za maji ya kunywa, yaweza kuyaona yote mawili kwa siku moja, na kurudi nyumbani ikiwa imejifunza jambo ambalo mtoto hatalisahau.

Mto uliozaa jina

Ruhwa lilikuwa jina la mto kabla ya kuwa jina la kituo cha mpakani. Mto huo huteremka kutoka milimani ukiitenga Rwanda na Burundi, kisha hujimwaga katika Rusizi. Hapo mito miwili ikutanapo ndipo nchi tatu zipakanapo: Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndiyo sababu Kiswahili katika soko la Bugarama si lugha ya kuazima. Rwanda ilipokifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, wachuuzi wa bonde hili walikuwa wamekwisha kukitumia kwa muda mrefu katika kupatana bei.

Rusizi nao una kisa chake. Zamani za kale ziwa Kivu lilitoa maji yake upande wa kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka, zikaziba njia kama boma, maji yakajaa hadi yakapata upenyo wa kusini, na tangu hapo Kivu humwagikia Tanganyika kwa njia ya Rusizi. Bonde lenyewe ni sehemu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linazidi kutanuka na kupasuka. Kazi hiyo haijakoma. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilizipiga wilaya za Rusizi na Nyamasheke pamoja na Bukavu ng'ambo ya pili, likaangusha majengo na kuua watu.

Nyufa zizo hizo zinazoleta msiba ndizo zinazoleta maji ya moto. Mvua hunyesha milimani, maji hupenya katika nyufa hadi vilindini kwenye joto, kisha hupanda tena juu yakiwa yamebeba hewa ya ukaa na madini yaliyoyeyuka.

Chaki ya bahari na chaki ya chemchemi

Huko Uingereza kusini kuna vilima vya chaki tupu, na wapenda matembezi huvivuka kwa njia ya miguu iitwayo South Downs Way, yenye urefu wa kilomita 160 hivi, kutoka mji wa Winchester hadi pwani ya Eastbourne. Chaki ile ni maganda ya viumbe vidogo mno vya baharini, yaliyotulia sakafuni mwa bahari katika enzi iliyokwisha miaka milioni 66 iliyopita. Mapango ya Amboni karibu na Tanga nayo yamo katika mawe ya chokaa yaliyozaliwa baharini.

Bugarama haikupata chokaa yake kwa bahari. Jiwe la hapa huitwa travatini, nalo ni zao la chemchemi. Mama wa nyumbani amekwisha kuliona jambo hili jikoni bila kulitaja: ni ule utandu mweupe unaogandamana ndani ya birika baada ya kuchemsha maji ya kisima kwa miezi mingi. Maji yenye hewa ya ukaa huweza kubeba chokaa bila kuonekana. Hewa hiyo ikitoka, kama itokavyo katika chupa ya soda iliyofunguliwa, maji hushindwa kuendelea kuubeba mzigo, na chokaa hubaki juu ya jani, kijiti au jiwe lililokuwa karibu. Penye maji tele utando huo huongezeka milimita chache, pengine sentimita kadhaa, kwa mwaka. Utando juu ya utando, karne juu ya karne, hata pakawa na kilima.

Kwa hiyo anayesimama kando ya chemchemi ya Bugarama, ambayo wenyeji huiita amashyuza, haangalii maji ya moto pekee. Anaangalia mlima ukiwa kazini.

Kilima na tanuri

Tangu mwaka 1984 jiwe hilo limelisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichojengwa Bugarama kwa msaada wa China. Mwaka 2015 tanuri jipya lilifunguliwa, lenye uwezo wa kutoa tani 600,000 kwa mwaka. Jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo, huchomwa katika joto lipatalo nyuzi 1,450 za Selsiasi, kisha husagwa tena pamoja na jasi. Tanzania nayo ina mfano kama huo: kiwanda cha saruji cha Mbeya hupata chokaa yake katika travatini ya Songwe, nako pia kuna chemchemi za maji ya moto.

Manufaa ya saruji hayahitaji kuelezwa kwa familia inayolala chini ya paa imara. Shule, zahanati, madaraja na makambi husimama juu ya kilima kilichosagwa. Lakini mtembezi mwenye macho ataona hesabu mbili zikienda kwa mwendo usiolingana. Chemchemi huweka akiba kwa milimita. Machimbo huitoa kwa malori. Tena, maji ya chemchemi hupita katika nyufa nyembamba, na ufa ukiziba au ukifunguka upya, kwa tetemeko, kwa baruti au kwa sababu nyingine, maji yaweza kuhama au kupungua. Jiwe lililokatwa huacha pengo linaloonekana. Njia ya maji iliyokatika haionekani mpaka bwawa likauke.

Haifuati kwamba kiwanda ni adui. Hufuata kwamba kilima hiki kina wapangaji wawili, na yule asiyetoa moshi wala mshahara ndiye aliyemjengea mwenzake. Kuachia maji nafasi yake, kuacha miti isimame milimani yanakopenya, na kupima kina cha bwawa kila msimu ni kazi ndogo zikilinganishwa na hasara ya kupoteza kisichoweza kurudishwa na bajeti yoyote.

Mambo ya kuzingatia njiani

Safari ianze alfajiri, kwani baada ya saa nne za asubuhi jua la bondeni halina huruma. Kila mtu achukue maji ya kunywa ya kutosha; maji ya chemchemi si ya kunywa. Kofia, shati la mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu visisahauliwe, maana mashamba ya mpunga na malaria ni majirani.

Machimbo hutazamwa kwa mbali. Mlipuko haumngoji mgeni, na ukingo wa jiwe lililokatwa huweza kumeguka chini ya mguu. Kadhalika, mto Ruhwa usivukwe kwa mzaha wa watoto. Mto huo ni mpaka wa dola, na mwezi Januari 2024 Burundi ilitangaza kuifunga mipaka yake na Rwanda. Jamaa ya askari haihitaji kukumbushwa kwamba vituo vya mpakani havipigwi picha.

Katika maji ya moto, mtu aanze kwa kupima kwa mkono. Penye jicho la chemchemi maji huunguza, na mbali kidogo hupoa. Watoto washikwe mkono muda wote, kwa sababu bwawa halionyeshi kina chake. Wenye ugonjwa wa moyo, wenye shinikizo la damu na wajawazito wasikae majini bila ushauri wa daktari. Wengi huoga wakitafuta nafuu ya viungo vinavyouma, na joto kweli hulegeza misuli. Lakini anayetumia dawa za hospitali asiziache kwa ajili ya bwawa. Sabuni isitumiwe humo.

Tahadhari moja zaidi huwaponyoka wengi. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni na mashimoni. Watu wa Goma huyaita mahali hapo mazuku, nao wamekwisha kupoteza mifugo na watu. Popote penye chemchemi za namna hii, mtoto asiingie shimoni wala asilale kwenye kibonde kisichopitisha upepo.

Wenye nguvu na siku ya pili wanaweza kupanda hadi msitu wa Cyamudongo, kipande cha Hifadhi ya Nyungwe kilichobaki peke yake juu ya milima, ambamo sokwe wangali wakiishi. Huko huingiwa kwa idhini ya hifadhi na pamoja na kiongozi. Nyungwe yenyewe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023.

Jaribio la nyumbani

Jioni, baada ya miguu kuoshwa, mzazi achukue kipande kidogo cha jiwe jeupe kilichookotwa kando ya barabara, si kilichovunjwa penye chemchemi. Akikwaruze kwa msumari mpaka unga utoke, kisha adondoshe maji ya limau au siki juu ya unga huo. Mapovu yakitokea, hiyo ni chokaa, na mapovu ni ile hewa ya ukaa inayotoka tena. Afanye vivyo hivyo kwa kokoto ya mtoni, ambayo aghalabu haitatoa povu, na kwa ganda la yai, ambalo litatoa. Mtoto ataelewa kwamba kuku, birika na kilima cha Bugarama vyote hutumia mali moja, na juma lijalo ataomba apelekwe tena kuitazama ikitengenezwa.