Ng'ombe Achechemeaye kwa Mguu wa Nyuma

Mwezi huu twapenda kusema na wale wafugao ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba zao, huko Bunju na Tegeta katika Kinondoni, na Mbagala na Chamazi katika Temeke. Habari za farasi twaziacha, maana kwetu pwani ni wachache. Lakini ng'ombe mmoja au wawili wapo katika nyua nyingi, na maziwa yao ndiyo ada ya shule na chumvi ya nyumba. Ng'ombe achechemeaye hasimami kula, na maziwa hupungua siku hiyo hiyo.

Desturi iliyoenea ni hii: mtu aonapo mguu wa nyuma wavutwa, husema, "Nyonga imeteguka," akaita fundi wa kukanda, au akachoma paja kwa chuma cha moto. Hivyo mnyama huumizwa mara mbili, na msumari ungali katika ukwato. Ndugu, anzeni chini. Katika ng'ombe kumi wa maziwa wachechemeao, wapata wanane au tisa ubaya wao u katika kwato. Na mara nyingi ni ukwato wa nje wa mguu wa nyuma, kwa kuwa atembeapo nyonga huyumba na uzito huuangukia huo.

Mtazameni kwanza akisimama, kabla hajaguswa. Ukwato wa nje ukimwuma, hutupa mguu upande apate kukanyagia ule wa ndani. Miguu yote miwili ikiuma, huenda asichecheme hata kidogo, bali hubadilisha-badilisha miguu kama mtu akanyagaye mchanga wa moto. Hapo wengi hudanganyika. Kisha mwongozeni polepole penye ardhi ngumu iliyo sawa. Mgongo upindao anapotembea ni dalili ya mapema.

Ndipo mguu uinuliwe. Kichwa kifungwe nguzoni, kamba nene ipite juu ya kifundo cha mguu wa nyuma na juu ya boriti. Mmoja avute, mwingine aoshe kwa maji na burashi. Kazi ya kuosha wengi huiruka, nasi hatuoni sababu, maana chini ya samadi hapana aonaye kitu. Papaseni ukwato, mlinganishe na ule wa mguu wa pili: wenye joto ndio mgonjwa. Bonyezeni wayo kwa koleo. Mahali avutapo mguu ghafula ndipo penyewe. Katika vitongoji vyetu, ambako nyumba hujengwa kila siku, tafuteni msumari, waya au kipande cha bati. Doa dogo jeusi laweza kuwa mlango wa usaha.

Uvimbe ukiwa sawa pande zote mbili, na kati ya kwato pananuka, huo ni uozo wa kwato, nao hupendelea sakafu yenye mkojo na matope. Uvimbe wa upande mmoja huonyesha usaha katika ukwato mmoja. Kwato zikiwa safi kabisa, pandeni juu: kifundo, goti, paja. Aliyezaa juzi ndama mkubwa kwa taabu huenda ameumia mishipa ya fahamu.

Mambo mawili hayangoji. Ndama wa miezi sita hadi miaka miwili akivimba paja, na ngozi ikalia kama karatasi kavu chini ya mkono, hicho ni chambavu; aweza kufa kwa siku moja au mbili, na mzoga usipasuliwe wala kuliwa. Na mate yakimtoka mnyama, akawa na malengelenge ulimini na kati ya kwato, ni ugonjwa wa miguu na midomo. Asitolewe zizini, mwiteni afisa mifugo, naye aweza kupeleka vipimo maabara ya veterinari iliyopo Temeke.

Akichomwa sindano ya dawa, ulizeni ni siku ngapi maziwa yasinywewe. Hesabu hiyo huandikwa katika karatasi ya dawa. Siku hizo yamwagwe, wala yasichanganywe na ya ng'ombe wa pili ili yauzwe.