Kosa la Hosteli Lipewe Adhabu ya Hosteli



Muhula mpya umeanza na swali limerudi: je, kijana Mwislamu anaweza kuweka vifaa vyake vya peintiboli kwenye chumba cha hosteli? Bunduki ya rangi, barakoa, mtungi wa gesi, ile jaketi ya mabaka mabaka.

Kuna majibu mawili yanazunguka, na yote mawili nayapinga. Wazee wetu wanasema: "Wewe ni Mwislamu, achana na mchezo huo kabisa, utatuletea balaa." Nao vijana wanasema: "Ni kitu cha kuchezea tu, nitakiweka nitakapo, na atakayeniuliza nitamwambia huo ni ubaguzi."

Jibu langu ni hili. Usikiweke hosteli. Na wewe Otieno usikiweke, na wewe Kamau pia. Lakini yeyote atakayekiweka akapatikana, apewe adhabu ya hosteli. Asibandikwe ugaidi kwa sababu anaitwa Abdi.

Tuanze na kitu chenyewe. Peintiboli ni mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi. Ulianza Marekani mwaka 1981, kwenye msitu wa jimbo la New Hampshire. Bunduki zilizotumika siku hiyo hazikuwa za vita. Zilikuwa za watu wa misitu na wafugaji, za kutia alama miti na ng'ombe. Kidonge chenyewe ni ganda la jelatini, ndani kuna rangi inayotoka kwa maji. Hapa kwetu viwanja vipo Nairobi, na makampuni huwapeleka wafanyakazi wao huko Jumamosi wakafukuzane vichakani, wacheke, wapige picha, warudi kazini Jumatatu. Sijawahi kusikia mhasibu wa benki akiulizwa ni sheikh gani aliyemfundisha kulenga.

Lakini tusidanganyane. Kidonge hicho hutoka kwa kasi inayofika futi 300 kwa sekunde. Kikikupata jichoni bila barakoa, jicho limekwenda. Mtungi wa hewa iliyoshindiliwa nao si kitu cha kusukuma chini ya kitanda, karibu na ile koili ya kupikia ambayo sote tunajua imefichwa kabatini. Na ukiiona kwa mbali, gizani, bunduki ile ni bunduki. Mwenzako anayetoka bafuni saa nne usiku hana muda wa kuuliza kama inatoa risasi au rangi.

Vyuo vya nchi hii vina kidonda. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Siku 10 baadaye, mtambo wa stima ulilipuka karibu na hosteli za kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama. Milio ya bunduki ikasikika, watu wakaruka kutoka ghorofani, mfanyakazi mmoja akafariki. Siku hizo mbili hakukuwa na gaidi hata mmoja. Kulikuwa na hofu tu, na hofu ikaua.

Kwa hiyo chuo kikisema "hakuna kitu chenye sura ya bunduki ndani ya bweni", hapo hakijakuonea. Hiyo ni akili ya kawaida. Uonevu unaanza pale sheria inapofika mlangoni, ikasoma jina, kisha ikageuka.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nilipokuwa nasomea diploma, kwenye hosteli yetu kulikuwa na vijana wawili waliopenda mchezo huu. Vyumba vyao vilikuwa kwenye korido moja. Mmoja Mkristo, mwingine Mwislamu, familia yake iko Kaskazini Mashariki. Walikuwa marafiki, wakichanga nauli pamoja kwenda uwanjani. Siku ya ukaguzi, wote wawili walipatikana na vifaa vilivyofanana, maana walinunua kwa mtu mmoja, mitumba.

Yule wa kwanza aliandikiwa barua ya onyo, akaambiwa apeleke vitu vyake nyumbani. Basi.

Yule wa pili vitu vyake vilipangwa juu ya kitanda, vikapigwa picha. Msahafu wake nao uliwekwa pale pale, kando ya barakoa, ukapigwa picha pamoja navyo. Aliulizwa anaswali msikiti gani, nani anamlipia karo, nani anamtumia pesa kwa simu. Polisi wakaitwa. Ilikuwa Ijumaa jioni, na mnajua maana ya kukamatwa Ijumaa jioni: korti imefungwa, utakaa hadi Jumatatu. Jumatatu asubuhi aliachiliwa. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Hakuandikiwa kosa lolote. Aliambiwa tu, "Enda, lakini tunakuangalia."

Alirudi akakuta amekosa mtihani wa Jumatatu. Mwenzake wa chumbani alikuwa amehama. Muhula uliofuata hakurudi tena.

Na mimi? Mimi ndiye niliyempelekea chakula kituoni Jumamosi. Nilikikabidhi kwa askari wa zamu, nikaondoka bila kuandika jina langu. Usiku ule nikafuta namba yake kwenye simu. Niliogopa. Miaka imepita, na kila nikisimama mbele ya vijana kuwaambia wajue haki zao, namkumbuka yeye. Sina hata namba ya kumwomba msamaha.

Sasa linganisheni. Kosa lilikuwa moja, korido moja, ukaguzi mmoja. Mmoja alipata karatasi, mwingine alilala selo siku tatu na maisha yake yakapinduka. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, mahakama inaweza kuruhusu mshukiwa azuiliwe hadi siku 90 kabla ya kushtakiwa. Hebu niambieni: kati ya barua ya onyo na siku 90 kuna nini? Kama jibu ni ushahidi, sawa, leteni ushahidi. Kama jibu ni jina na ndevu, hiyo si kazi ya usalama.

Wapo watakaonitajia kesi ya Virginia. Nitaitaja mwenyewe. Juni 2003, huko Marekani, wanaume 11 walishtakiwa, na waendesha mashtaka wakasema peintiboli waliyokuwa wakicheza msituni ilikuwa mafunzo ya kijeshi. Tuwe wakweli: waliofungwa hawakufungwa kwa kucheza tu. Baadhi yao walisafiri hadi kambi ya kundi la Lashkar-e-Taiba kule Pakistan, na 6 walikiri makosa. Siwatetei kwa hilo. Lakini soma kesi yote, usiishie kwenye kichwa cha habari. Wawili kati ya wale 11 waliachiliwa na mahakama kwenye kesi hiyo. Mwingine alipewa miaka 85, na mwaka 2018 Jaji Leonie Brinkema, yule yule aliyemhukumu, akaamuru atoke. Funzo ni kwamba kosa ni kile ulichokwenda kufanya na kile ulichokula njama kukifanya, na hicho lazima kithibitishwe. Mchezo peke yake hauthibitishi kitu. Watu wawili waweza kucheza uwanja mmoja, mmoja ana nia mbaya na mwingine anataka kucheka na marafiki. Kazi ya polisi ni kuwatofautisha, wala haitakiwi kuwakusanya wote kwenye gari moja.

Kwa wazee wetu nasema kwa heshima: mkituambia tuache kila kitu kinachoweza kutiliwa shaka, tutaishia wapi? Jana ilikuwa kanzu. Leo ni peintiboli. Kesho itakuwa darsa ya baada ya Isha. Kulenga shabaha ni mchezo unaojulikana katika dini yetu tangu zama za Mtume (s.a.w). Kijana aliyefundishwa kujificha atakua anaamini kwamba kweli ana la kuficha. Tufundisheni kufuata sheria na kudai sheria. Msitufundishe kuomba radhi kwa kuwepo.

Na kwa vijana, tusijifanye hatujui. Ukijipiga picha kitandani umevaa barakoa, umeshika bunduki ya rangi, umeweka na maneno ya mzaha kuhusu vita, hapo umemwandikia mtu jalada kwa mkono wako. Ubaguzi upo, lakini ujinga nao upo, na wakili wako atapata kazi mara mbili.

Basi tufanye hivi:

1. Usimiliki kama si lazima. Viwanjani hukodisha vifaa. Kama unavyo vyako, viache uwanjani au nyumbani kwa wazazi, na risiti uitunze.

2. Jumuiya za wanafunzi Waislamu, andikieni uongozi wa chuo. Ombeni sheria ya hosteli iandikwe wazi: nini hakiruhusiwi, adhabu yake ni ipi, nani anakagua. Shirikianeni na wanafunzi wa dini nyingine kuidai. Sheria iliyoandikwa ni ngumu kugeuzwa mlangoni.

3. Chumba kikikaguliwa, tulia. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha yako. Uliza ni nani na ana kibali gani. Zipo hali ambazo polisi huruhusiwa kupekua bila kibali, kwa hiyo usizuie kwa mwili wala kwa matusi. Ita shahidi. Omba orodha ya vitu vilivyochukuliwa, iwe na sahihi.

4. Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuongea na wakili. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo umeangukia wakati korti imefungwa. Usiseme uongo. Sema jina lako, sema unataka wakili, nyamaza.

5. Mwenzako akikamatwa, nenda kituoni. Usiende peke yako. Uliza ameandikwa nambari gani kwenye OB, nawe andika jina lako na saa uliyofika. Piga simu kwa wazazi wake na kwa wakili au shirika la haki. Usifute namba yake.

Hilo la tano ndilo naliomba zaidi. Askari akiona watu 20 wametulia nje ya kituo, Wakristo na Waislamu pamoja, wakiuliza swali moja kwa adabu, atajua kijana huyu ana wenyewe. Rafiki yetu yule hakuwa na mtu. Alikuwa na sisi, na sisi tulikuwa vyumbani tumefunga milango.

Chuo kina haki ya kusema vifaa hivi visikae bwenini. Tutaitii, na tutamkanya ndugu yetu akivunja. Lakini tutasimama mlangoni kuhakikisha barua aliyopewa Kamau ndiyo barua atakayopewa Abdi.

Mwonyeshe na mwenzako wa chumbani, hata kama si Mwislamu. Hasa kama si Mwislamu.

Wabillahi tawfiq.