Kompyuta za Shule Milimani: Je, Kadi ya Michoro Inahitajika?

Kununua chombo cha sayansi ni jambo moja, na kununua chombo kinachofaa ni jambo jingine. Kanuni hii inajulikana vizuri katika milima ya Usambara. Mkulima wa Lukozi au Mlalo, anayelima kabichi na viazi katika miteremko, hachagui zana kwa ukubwa wake, bali huchagua ile inayokubaliana na shamba lake. Lakini kanuni hiyo husahaulika kwa urahisi pale shule inapotaka kununua kompyuta ndogo za mezani. Hapo hutolewa hoja kwamba kompyuta bora ni ile yenye kadi ya michoro, na kwamba shule isiyo na kadi hizo imebaki nyuma. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa hoja hiyo haina msingi kwa shule nyingi za Wilaya ya Lushoto, na pia kueleza ni wapi hasa kadi hiyo ina haki ya kuwapo.

Kwanza tuelewane kuhusu maana. Picha yoyote tunayoiona katika skrini ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta ndogo sana zenye rangi. Kipo chombo maalumu kinachokokotoa rangi ya kila nukta, nacho huweza kukaa mahali pawili. Kinaweza kuwa ndani ya prosesa yenyewe, yaani kile kijisahani cha silikoni kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Mwaka 2011 kampuni za Intel na AMD zote mbili zilitoa prosesa zinazoviunganisha viwili hivyo katika kipande kimoja cha silikoni. Au kinaweza kuwa katika kadi ya pekee inayochomekwa ndani ya kisanduku, yenye kumbukumbu yake na, mara nyingi, feni yake.

Tofauti kubwa baina ya namna hizi mbili ni kumbukumbu. Chombo kilichomo ndani ya prosesa hakina kumbukumbu yake; huazima sehemu ya kumbukumbu kuu, ile ambayo wauzaji huiita RAM. Kadi ya pekee haiazimi, na kumbukumbu yake huwa na mwendo mkubwa zaidi. Kwa mfano, kadi ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 huweza kusoma gigabaiti 128 kwa sekunde, ilhali kipande kimoja cha kumbukumbu kuu aina ya DDR4 chenye mwendo wa 3,200 huweza kusoma gigabaiti 25.6 tu. Mtu akiishia hapo atasema kuwa kadi imeshinda. Lakini swali la mwanasayansi si kipi kina nguvu zaidi; swali lake ni nguvu kiasi gani inahitajika.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Pili anaiweza. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta huchukua baiti 4, hivyo picha moja ni baiti 8,294,400. Skrini hubadilishiwa picha mara 60 kwa sekunde. Jumla ni baiti 497,664,000, karibu nusu gigabaiti. Hii ni chini ya asilimia 2 ya uwezo wa kile kipande kimoja cha kumbukumbu. Ni kweli kwamba kuitengeneza picha ni kazi kubwa kuliko kuionyesha, na michezo yenye mandhari ya kina hudai mara nyingi zaidi ya hapo. Lakini kuandika barua, kujaza majedwali ya hesabu, kuchora grafu kwa GeoGebra, kujifunza lugha ya Python na kutazama somo la video ni kazi ambazo prosesa ya siku hizi huzimudu bila kadi.

Sasa tuje kwenye umeme. Tuchukulie kuwa kompyuta ndogo isiyo na kadi hutumia wati 30 katika kazi za darasani, na skrini yake wati 20. Darasa lenye kompyuta 20 litahitaji wati 1,000, na kwa saa 6 kwa siku litakula yuniti 6 za LUKU. Tundu linalopokea kadi huweza kuilisha hadi wati 75 bila waya wa ziada. Kadi zote 20 zikifanya kazi kwa kiwango hicho, darasa litahitaji wati 2,500 na yuniti 15 kwa siku. Tofauti ni yuniti 9 kila siku, au 180 katika siku 20 za masomo. Atakayepinga atasema kuwa kadi haifanyi kazi kwa nguvu zote muda wote, na kwamba inapotulia hutumia umeme mdogo. Hayo ni kweli. Lakini ikiwa muda mwingi imetulia, ilinunuliwa kwa ajili gani?

Kwa shule inayotegemea umeme wa jua jambo hili ni zito zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, inafaa itumike nusu tu ili isiharibike mapema, yaani wati-saa 600. Kompyuta moja ya wati 50 pamoja na skrini yake itafanya kazi kwa saa 12. Ile ya wati 125 haitafikisha saa 5. Nasi tunajua jinsi ukungu unavyoweza kulifunika jua katika milima hii.

Lipo pia suala la joto. Umeme wote unaoingia katika kompyuta hatimaye hugeuka joto, nalo huondolewa kwa hewa. Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga mjini. Hewa nyepesi hubeba joto dogo zaidi kwa kila mzunguko wa feni. Baridi ya Lushoto hufidia upungufu huo, lakini kisanduku kidogo chenye kadi ndani yake hakina nafasi ya kutosha kupitisha hewa, na kila feni iliyoongezwa ni mlango mwingine wa vumbi na unyevu.

Hata hivyo, si haki kusema kuwa kadi haina kazi. Kutengeneza filamu, kuchora maumbo yenye pande tatu, na kufundisha mifumo mikubwa ya akili mnemba ni kazi zinazoihitaji kwa kweli. Mwanafunzi mwenye kipaji katika mambo hayo asinyimwe nafasi. Lakini dawa yake si kuweka kadi katika kila kompyuta. Shule na inunue kompyuta moja yenye kisanduku kikubwa, feni nzuri na kadi, iwe ya kutumiwa kwa zamu, kama ambavyo maabara hutumia mizani moja nyeti kwa darasa zima. Mtaka yote hukosa yote. Tuseme bei ya kadi ni theluthi moja ya bei ya kompyuta: fedha za kompyuta 15 zenye kadi zingetosha kununua 20 zisizo na kadi. Wanafunzi watano zaidi wangekaa mbele ya mashine badala ya kuchungulia mabegani mwa wenzao.

Atakayenunua bila kadi azingatie mambo manne. Kwanza, ahakikishe kuwa prosesa ina chombo cha michoro ndani yake. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F, zilizoanza kutolewa mwaka 2019, hazina chombo hicho. Na katika prosesa za mezani za AMD Ryzen zilizotangulia toleo la 7000, zenye chombo hicho ni zile zenye herufi G baada ya namba. Pili, adai kumbukumbu ya gigabaiti 8 katika vipande viwili vya 4, kwa maana vipande viwili vinavyofanya kazi sambamba huongeza uwezo kutoka gigabaiti 25.6 hadi 51.2 kwa sekunde. Tatu, apendelee diski ya SSD. Nne, akinunua mitumba ya Intel, asishuke chini ya kizazi cha saba, kilichotoka mwaka 2016 na 2017, kwa kuwa kizazi hicho husoma video za namna nyingi za kisasa bila kuchosha prosesa.

Walimu wa Fizikia wanaweza kuugeuza mjadala huu kuwa jaribio. Zimeni vifaa vingine vyote, washeni kompyuta zenu pekee kwa saa mbili, na someni LUKU kabla na baada. Kisha gawanyeni kwa idadi ya kompyuta. Takwimu hiyo, iliyopimwa na wanafunzi wenyewe, ipelekwe mezani siku ya kuamua ununuzi, iwekwe kando ya orodha ya bei. Fedha za shule hutokana na jasho la wananchi, na inafaa zitumike kwa kipimo.