Maji ya Kisima Yataka Daftari

Watu wengi hudhani kwamba kisima ni kama mtungi: mwenye mtungi ndiye mwenye maji, na akiyamaliza hasara ni yake peke yake. Mawazo hayo si ya kweli, nayo yaweza kutuharibia mashamba.

Wenzetu wa skimu ya Bura humwagilia kwa maji ya Mto Tana, na kila mtu huona mto ukijaa na kupungua. Sisi wa Elwak hatuna mto. Hata jina la mji wetu ni la kisima: “el” ni kisima, na “Wak” ni Mungu. Maji yetu yamo chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Huko chini maji hukaa katika matabaka ya mchanga na mawe yenye matundu. Tabaka moja laweza kuwa na maji matamu na la jirani maji ya chumvi, na kati yao pana njia. Nilipokuwa mwalimu niliwaonyesha watoto jambo hili kwa madebe mawili, yaliyounganishwa chini kwa bomba lililojaa mchanga. Debe moja tulitia maji matamu, na la pili maji ya chumvi, yote kwa kimo kimoja. Kisha tukachota katika lile la maji matamu, tukachota tena. Kesho yake mtoto mmoja alionja akakunja uso. Chumvi ilikuwa imepita.

Jambo hilo si mchezo wa shule tu. Liko tabaka kubwa liitwalo Merti, linalopata maji kutoka Ewaso Ng'iro na kupita chini ya Habaswein na Dadaab kuelekea Somalia. Katikati yake maji ni matamu, pembeni ni ya chumvi. Tangu kambi za wakimbizi za Dadaab zilipoanza mwaka 1991, maji mengi huvutwa pale. Basi swali si kama maji yapo. Swali ni hili: yakivutwa kupita kiasi, chumvi ya pembeni itafika katika kisima cha nani, na lini?

Wataalamu hulijibu kwa hesabu. Mwaka 1856 mhandisi Henry Darcy wa Ufaransa alieleza kwamba mwendo wa maji ndani ya mchanga hufuata mteremko wa maji yenyewe na wepesi wa mchanga kuyapitisha. Siku hizi kompyuta huigawa nchi katika visanduku vingi, na kwa kila kimoja huhesabu maji na chumvi inayoingia kutoka kwa jirani na inayotoka. Hesabu hiyo ni nzuri sana, lakini kompyuta haina macho. Isipopewa vipimo vya visima, itakisia tu kama sisi.

Hapa kwetu pana jambo la pili, nalo ni mawe ya jasi. Lita moja ya maji yaweza kuyeyusha jasi gramu 2 hivi, kwa hiyo maji hubadilika yakiwa njiani. Chumvi za namna hii zikizidi, watu na wanyama huharisha. Shambani maji hukauka, chumvi hubaki. Maharagwe hudhoofika upesi. Mtama na mtende huvumilia zaidi.

Zamani mashine ya dizeli ilijizuia yenyewe: mafuta yakiisha, ilinyamaza. Pampu ya nguvu za jua haidai mafuta, nayo huvuta tangu asubuhi hata jioni. Ni neema, lakini neema isiyopimwa huisha.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila kisima kiwe na daftari. Mara moja kila mwezi, alfajiri kabla ya kuchota, kamati iteremshe kamba yenye alama na kuandika kimo cha maji. Maji yapimwe chumvi yake kwa kipimo cha umeme, nayo iandikwe pia. Tena kisima kipya kisimwagilie shamba mpaka daftari za visima jirani zisomwe kwa mwaka mzima.

Wengine watasema kiu haingoji mwaka. Ni kweli, na maji ya kunywa yasizuiwe, mradi yapimwe kwanza. Lakini shamba laweza kungoja. Wengine watasema kupima ni kazi ya Serikali. Serikali hutoa vibali vya kuchimba na kuwatuma wataalamu, lakini mtaalamu huja siku mbili akaondoka. Sisi tupo kila alfajiri.

Daftari na kalamu ni bei ndogo. Tabaka likiisha kuingia chumvi, hata wajukuu zetu huenda wasiuone utamu wake tena.